Majina Niliyoyaandika Haraka

Mvulana alikuwa na miaka miwili na nusu, na lile lilikuwa faili lake la tatu ndani ya miezi minne. La kwanza lilisema nimonia. La pili lilisema nimonia. La tatu nilikuwa nikiliandika mimi, saa tano za usiku, na nilikuwa nimeshaandika neno lilelile pale bibi yake aliponiambia, "Mwanangu, hizo sindano tumeshazimaliza mara mbili."

Nikamwambia safari hii tutabadilisha dawa. Kisha nikaongeza neno moja: sugu. Nimonia sugu. Ukishaweka "sugu" nyuma ya jina la ugonjwa unajiona umefanya kazi, kumbe hujagusa chochote.

Asubuhi kwenye raundi nilimkuta amelala. Hilo halikuwahi kutokea. Kila nilipomkaribia alikuwa akianza kulia tangu naingia mlangoni, na kifua cha mtoto anayelia hakisikiki kitu ila kilio. Sasa nikapata bahati. Nikaweka stetoskopu upande wa kushoto: hewa inaingia, inatoka, safi. Upande wa kulia: karibu kimya, na kwa mbali mluzi mwembamba. Nikarudi kushoto. Nikarudi kulia. Homa hana. Nimonia gani hii isiyo na homa, inayokaa upande uleule mmoja miezi minne?

Dada yake, wa miaka sita hivi, alikuwa ameletwa kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwachia. Alikaa sakafuni karibu na kitanda akichezea kifuniko cha chupa ya dripu. Nilimuuliza bibi kikohozi kilianza vipi, akasema kilianza tu, kama vikohozi vinavyoanza. Yule binti akasema bila kuinua kichwa, "Kilianza siku ile alipopaliwa na karanga."

Bibi akamkemea asiingilie mazungumzo ya wakubwa. Nikamwomba bibi amwache aseme. Walikuwa wakila karanga za kukaanga uwanjani, mdogo wake akawa anakimbia na anacheka, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, midomo ikabadilika rangi. Halafu akanyamaza. Wakaendelea kucheza. Hakuna mkubwa aliyekuwepo, na hakuna mkubwa aliyeuliza.

Karanga haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni matokeo yake: hewa inapita pembeni mtoto akivuta pumzi, lakini akitoa, njia inajifunga na pafu linabaki limejaa. Mtoto wa umri ule huwezi kumwambia atoe pumzi yote kisha atulie upige picha. Kwa hiyo tulimlaza ubavu wa kulia. Pafu lililo chini lilitakiwa kubanwa na uzito wa mwili. Lake lilibaki limefura vilevile. Tukampa rufaa kwenda Muhimbili, wakaingiza mrija wenye kamera kwenye njia ya hewa, wakatoa. Bibi aliporudi alinipitishia niione. Nusu ya karanga ndani ya kichupa cha plastiki, bado ina kile kingozi chake chekundu.

Niliporudi kwenye mafaili nikatazama miandiko mitatu ya watu watatu. Wa pili aliandika nimonia kwa sababu wa kwanza aliandika nimonia. Na wa tatu, mwenye kuongeza "sugu", ni mimi.

Nilianza kazi mwaka 2003 nikiwa tabibu, katika hospitali moja ya bonde la Kilombero. Kule msimu wa kilimo familia nzima huhamia mashambani kulinda mpunga, wanalala kwenye madungu, na mtoto akiugua kuna siku nzima ya baiskeli na mtumbwi kabla hajafika kwetu. Baadaye nilirudi shule, nikawa daktari, kisha daktari wa watoto. Lakini ufundi wa kuandika majina haraka niliupata kule, na wala sikufundishwa na mtu mmoja. Foleni ndiyo inayofundisha. Watoto themanini wako nje, uko peke yako, mama hajakaa sawasawa kwenye kiti umeshaandika: malaria.

Homa ilikuwa malaria. Homa na kutapika, malaria. Homa na kuhema, malaria na kidogo kifua. Hadubini moja, fundi maabara mmoja, na yeye naye alijua daktari anatarajia nini. "Hakuna vimelea" ilikuwa ikirudi kwetu tukaitazama kama mtu anavyotazama saa iliyosimama. Tukitibu tu. Mwaka 2004 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea vya malaria kweli walikuwa asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na baadhi ya hao hawakupewa dawa ya hicho kitu kingine. Nilisoma matokeo hayo miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuoni. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nahesabu sura za watoto.

Kisha kikaja kipimo cha haraka, MRDT, tone la damu kidoleni na mistari baada ya dakika kumi na tano. Wengi walidhani shida imekwisha. Kwanza wazazi waligoma. Mstari ukitoka mmoja tu, baba anasimama: "Daktari, mtoto amechemka usiku kucha, hicho kibati chako ndicho kinachojua kuliko mimi?" Na sisi wenyewe tuligoma kimyakimya, tukaandika dawa mseto ya malaria hata kipimo kikikataa. Ilipofika mahali tukakubali kwamba si malaria, tukajikuta uchi. Kama si malaria, ni nini? Mkono hauwezi kuliacha lile pengo kwenye faili. Ndipo ikazaliwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nchi nzima ikawa na UTI. Mtoto ana mafua, pua inatiririka, ameandikiwa UTI na haijawahi kuonekana tone la mkojo wake. Na taifodi nayo ikafuata nyuma.

Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine, safari hii kwa watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, Ifakara yetu ileile ya bonde la Kilombero. Waliwapima karibu kila kinachopimika. Wenye malaria walikuwa kama asilimia 10. Watoto saba katika kila kumi walikuwa na virusi, vitu vinavyopita vyenyewe ukimpa mtoto panado na maziwa ya mama na ukamwambia mama dalili za kumrudisha. Nasi tulikuwa tukiwabeba mifuko ya antibaiotiki.

Msomaji asinielewe vibaya. Malaria inaua, na bado ninaiona kila masika ikija na watoto weupe kama karatasi. Ninachokisema ni kingine, na mfano wake ni huu wa kofia.

Alikuwa wa miezi kumi na moja. Homa siku tatu, analia akibebwa. Kipimo kikatoa mistari miwili. Nilifurahi, naam, neno ndilo hilo, nilifurahi kwa sababu usiku ule nilikuwa na watoto wengi ambao sikuwa na jina lao, na huyu alikuja na jina lake mkononi. Nikaanza sindano ya atesuneti, nikaenda kwa mwingine. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya sufi ya rangi ya njano yenye masikio mawili, kama wanavyovishwa watoto wote hata kukiwa na joto la kuchemsha maji.

Sikumvua kofia.

Siku ya pili kanula ikaziba, na sista mmoja mzoefu akatafuta mshipa mkononi, mguuni, akakosa. Akavua kofia atafute kichwani. Akaniita kwa sauti ambayo wauguzi wazoefu huitumia mara chache. Utosi ulikuwa umeinuka kama kiganja cha mtu kinasukuma kwa ndani. Nilijaribu kuinamisha kichwa chake kidevu kiguse kifua, shingo ikakataa. Tulitoa maji ya uti wa mgongo, yakatoka yana ukungu, kama maji uliyooshea mchele. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria, na alikuwa amepoteza zaidi ya saa thelathini kwenye dawa ya ugonjwa mwingine.

Mama yake nilipomkalisha nimuulize upya, aliniambia kitu ambacho kadi ilikuwa inakisema tangu mwanzo: mtoto alitibiwa malaria kwenye zahanati wiki mbili nyuma, akamaliza dawa, akapona kabisa. Kipimo cha haraka kinadaka protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa. Mistari miwili ilikuwa ya ugonjwa uliopita. Na hata ingekuwa malaria mpya, nani alisema mtoto anaruhusiwa ugonjwa mmoja tu kwa wakati?

Alipona. Alirudi kliniki akiwa na mwaka na nusu, anatembea, ananona. Mama akasema ni mtoto mtulivu sana, hashtuki na kelele. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Nikapiga tena, nikagonga beseni la chuma. Mama alikuwa akinitazama usoni, na nadhani alijua kabla yangu.

Tangu siku ile mtoto akija na kofia inavuliwa. Soksi zinavuliwa. Nepi inafunguliwa. Vijana ninaofanya nao kazi wananiita Mzee Kofia wakidhani sijui. Ukivua soksi siku moja utakutana na vidole vilivyovimba kama soseji pande zote mbili, mama anasema aliumwa na mdudu, nawe ukipima damu unakutana na selimundu ambayo hakuna aliyeishuku. Ukifungua nepi utakutana na ngiri iliyobana kwa mtoto aliyeandikiwa "anatapika, minyoo". Kumvua mtoto nguo hakugharimu hata senti moja, ila kunataka dakika mbili, na dakika mbili ndicho kitu ambacho mfumo wetu hauna.

Hali kadhalika kuhesabu pumzi. Nafahamu madaktari, wazuri tu, ambao hawajahesabu pumzi za mtoto dakika nzima tangu watoke chuoni. Wanatazama kifua sekunde tano wanaandika 40. Ajabu kila mtoto wa wodi hiyo anahema 40. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo mpaka nilipopangiwa semina ya ule mpango wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano, unaotumika nchini tangu miaka ya 1990, tukapewa saa na kuambiwa tuhesabu watu wawili kwa mtoto mmoja bila kuambiana. Mwenzangu akapata 56. Mimi nikapata 41, na nilikuwa nimesinzia kidogo, sitaficha. Kwa mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka, 50 ni mpaka. Akifika hapo ana nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Kichanga wa chini ya miezi miwili ni 60, na ukipata 60 unarudia kuhesabu kwa sababu vichanga wana tabia ya kuhema kwa mafungu. Shati juu, mtoto mapajani mwa mama, asiwe ananyonya wala analia. Unatazama pia pale chini ya mbavu: akivuta hewa, panabonyea ndani au panatoka nje? Anasubiriwa anyamaze. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kwenye kusubiri.

Sasa niseme juu ya majina ya nyumbani, kwa sababu miaka mingi niliyacheka. Degedege. Kimeo. Meno ya nailoni. Kubemendwa. Nilikuwa nikiyasikia tu nakunja uso, na mama akiona uso umekunjwa anameza yaliyobaki. Nimewaona watoto waliokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi wakaja damu inachuruzika kooni. Nimewaona waliochokonolewa fizi kutafuta "meno ya plastiki" yanayodaiwa kuleta homa na kuhara, fizi imegeuka kidonda. Hasira ninayo bado. Lakini nimeanza kuiona hiyo karanga kwa jicho jingine: yule aliyekata kimeo alisikia kikohozi kisichopona akakipa jina, na jina likaja na kisu chake. Mimi nilisikia kikohozi kisichopona nikakipa jina, na jina likaja na sindano zake. Tofauti yetu ilikuwa koti.

Kubemendwa kulinifundisha zaidi. Kwa asiyelijua neno hili: watu husema mtoto amebemendwa pale anapodhoofika, anavimba miguu, nywele zinanyonyoka na kuwa za rangi ya shaba, kwa sababu wazazi walikutana kimwili angali ananyonya, au baba alitoka nje, au mama alishika mimba mapema. Ni jina la ugonjwa na ni mashtaka kwa pamoja. Mama wa mtoto aliyebemendwa hapiti sokoni kichwa juu.

Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa mmoja wa namna hiyo, amevimba mpaka kope. Mama akanong'ona, "Wanasema amebemendwa." Nikamjibu mbele ya wodi nzima kwamba hakuna kitu kama hicho, huu ni utapiamlo, amekosa kulishwa. Nilidhani nimemwondolea aibu. Nilikuwa nimemwongezea ya pili juu ya ya kwanza. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu, wametoroka, na hawakuonekana tena.

Wa pili alikuja baada ya miaka mingi, mtoto wa mwaka na miezi miwili, kaletwa na bibi. Nilishasoma wakati huo kwamba neno kwashiokoo lenyewe, jina la kitaalamu la utapiamlo wa kuvimba, ni la Kiga, lugha ya huko Ghana, na daktari Cicely Williams alilichukua kwa akina mama wa kule miaka ya 1930. Lilimaanisha ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi yake na mdogo wake anayekuja. Nikajiuliza, sasa hao na bibi zetu wanatofautiana nini? Nikamwamkia bibi, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamuuliza, "Bibi, kubemendwa huku kulianza lini?"

Akashusha pumzi. Akanieleza yote bila kuulizwa tena. Mkwewe alishika mimba mtoto akiwa na miezi tisa. Alipojigundua akamwachisha ziwa siku hiyohiyo, kwa hofu kwamba maziwa yamekuwa mabaya. Tangu hapo ni uji mweupe, asubuhi na jioni, kwa sababu mama anatapika hawezi kukaa jikoni na bibi yuko shamba. Mwezi uliofuata akaharisha. Mwezi mwingine akavimba. Historia nzima ya ugonjwa, tena kwa mpangilio wa tarehe, nimeipata kwa kulitumia neno lake.

Mtoto wa namna hii hataki pupa. Tulimfunika, tukamlaza na bibi yake ngozi kwa ngozi kwa sababu alikuwa wa baridi, tukapima sukari, tukaanza F-75, maziwa maalumu ya utapiamlo mkali, kwa kikombe na kijiko, kiasi kidogo kila saa mbili usiku na mchana. Dripu hapana. Dawa ya kukojoza maji hapana, ingawa uvimbe unakushawishi. Bibi alikasirika siku ya nne: mtoto aliingia na kilo 8.4, leo mizani inasema 7.6, "mnamkausha?" Nikamwonyesha vifundo vya miguu, vimeanza kuonekana. Yale yalikuwa maji, nikamwambia, sasa tunamwona mjukuu wako mwenyewe. Alishuka mpaka 7.1 kabla hajaanza kupanda. Siku ya tisa akamnyang'anya sista kijiko. Watoto hawa huwa na uso wa mzee aliyechoka na dunia. Siku wakikasirika kwa sababu chakula kimechelewa, wodi nzima inacheka.

Kuhusu degedege nina kisa kimoja tu. Aliletwa alfajiri, ananuka moshi. Walimfukiza kinyesi cha tembo usiku kucha, maana kwa wengi mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo hospitali ni baada ya mganga. Amepoteza fahamu. Nilikuwa nimeshashika kalamu kuandika malaria ya ubongo. Sista akasema, "Sukari kwanza, daktari." Sukari ilikuwa 1.1, chini mno. Alikuwa na kilo 9, tukampa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 45, taratibu. Kabla sindano haijaisha akafungua macho, akamtafuta mama yake. Malaria alikuwa nayo pia, tukaitibu. Baba akawaambia wenzake nje kwamba dawa ya mganga huchelewa kidogo lakini hufanya kazi. Sikubishana naye. Nilimwomba tu safari nyingine moshi na pikipiki viende pamoja.

Kuna jina lingine lililokuwa la kwetu kabisa, la kitaalamu, na lenyewe ndilo lililoniuma kuliko yote: shoku. Mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi, mapigo dhaifu. Tulifundishwa ukiona hivyo usiulize, mpandishie maji haraka, bomba zima, rudia. Ilikuwa raha kufanya. Ndugu wanaona unahangaika, chupa inaning'inia, kila mtu anaridhika. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti ulioongozwa kutoka Kilifi, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, moja yao Muheza, watoto 3,141. Waliopewa maji kwa haraka namna ile walikufa zaidi. Ndani ya saa 48, kati ya kila 100 walikufa kumi au kumi na mmoja; ambao hawakupewa, saba. Watoto wenye kuhara hawakuwemo kwenye hesabu hiyo, wala wenye utapiamlo mkali. Aliyekaushwa na kuhara maji ni yake, kwa chumvichumvi au kwa mshipa. Lakini wale wa homa, niliowapandishia mwenyewe kwa mkono wangu nikibinya chupa ili iende haraka?

Kwa muda nilitafuta kasoro kwenye utafiti. Wengi tulitafuta. Kisha nikaacha kubinya chupa.

Siku hizi nimewaomba intani wangu kitu kidogo. Kabla ya kuandika jina la ugonjwa, waandike walichokiona kwa macho yao: anahema 58, mbavu zinabonyea, hanyonyi tangu jana, utosi uko sawa, dada yake anasema hivi. Jina lije chini, na kando yake waandike jina la pili. Wanalalamika kwamba linachukua muda. Kweli linachukua. Mmoja aliniuliza mgonjwa akifa njiani kwa sababu bado ninamvua soksi itakuwaje, na ni swali la haki: mwenye degedege, asiyehema vizuri, aliyepoteza fahamu, huyo hushughulikiwa kwanza, hewa, sukari, dawa, maswali baadaye. Soksi ni za wale wengine, ambao ndio wengi.

Wiki iliyopita tulilaza msichana wa miaka mitatu, homa siku ya tisa. MRDT hakuna kitu. Mkojo, safi. Picha ya kifua, safi. Maji ya mgongo, safi. Damu ya kuotesha bado haijarudi. Kifua kikuu tunakitafuta kwenye choo chake. Shemeji wa mama alikuwa amepiga simu kutoka mjini kuuliza ni ugonjwa gani, na mama akaja na simu mkononi, imewashwa, anataka nimjibu yule mtu moja kwa moja.

Nikamwambia sijajua bado. Nikasema hivyo kwenye simu pia. Upande wa pili pakawa kimya, kisha sauti ikauliza kama hakuna daktari mwingine.

Mama akakata simu. Akanitazama kidogo, akamfunika mtoto kanga miguuni. "Basi kesho uje mapema," akaniambia, "kabla hajaamka akaanza kulia."